Lucienne wa Maharagwe ya Mchango

Huku kwetu Saint-Aubert, juu kabisa ya jimbo la Maine la Marekani, mahali ambapo ukivuka mto umeshaingia Kanada, mtu akipatwa na ugonjwa wa gharama kubwa hatumpelekei maua. Tunapika maharagwe. Picha yake inabandikwa kwenye mlango wa duka la ushirika, kwenye mlango wa benki na kwenye mlango wa kanisa, jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi za kuonekana toka barabarani, na chini yake saa ya kula siku ya Jumamosi. Watu wanajaa ukumbi wa parokia, kila mmoja anatoa alichojaliwa pale mlangoni, wanakula mpaka wanalegeza mikanda, na kinachopatikana anapewa mgonjwa akapunguze deni la hospitali. Kwa miaka mingi aliyepika maharagwe hayo ni mwanamke mmoja, Lucienne Dufour.

Lucienne alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Mjane, mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya kumwita mtoto aliye ng'ambo ya uwanja, sauti ambayo hakujua kuipunguza kanisani wala wodini. Ukiugua, yeye ndiye wa kwanza kufika kwako, na wala habishi hodi, anaingia tu na koti lake la theluji na kukaa kitandani miguuni pako. "Utaumwa kesho," anakwambia. "Leo tupange tarehe." Wapo waliomwona mjuaji. Hao hao, siku zao zilipofika, walimlilia begani.

Maharagwe yake hayapikwi jikoni. Yanapikwa ardhini, kama walivyopika wakata miti wa zamani kule msituni. Ijumaa linachimbwa shimo nyuma ya ukumbi, linatandikwa mawe, na ndani yake unawashwa moto wa kuni ngumu mpaka ubaki mkaa mtupu. Hapo inashushwa sufuria nzito ya chuma iliyojaa maharagwe, vitunguu, nyama ya nguruwe yenye mafuta na shira nyeusi ya miwa, kisha inafukiwa kama maiti. Kesho yake mchana inafukuliwa, na harufu yake inawatoa watu majumbani hata wale waliokuwa wamegombana na padri.

Mchimbaji wa shimo hilo alikuwa Rosaire Bossé, mdogo wake Lucienne, fundi wa mashine za kuvunia viazi. Rosaire alikuwa na kisukari tangu ujana wake, kile cha kuchoma insulini kila siku, na aliishi nacho kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi: hamtaji, lakini anajua yuko wapi saa zote. Alijichomea chooni mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dada yake. Alikuwa peke yake tangu mkewe aondoke, alijiajiri mwenyewe kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba yake, na bima yake alijinunulia mwenyewe, ya aina ile ambayo haitoi kitu mpaka kwanza wewe umekamuliwa ukabaki ganda.

Sasa, kulikuwa na jambo lililomkera Lucienne kwa muda mrefu. Rosaire alikuwa hali maharagwe yake. Anachimba, anakoka moto, anafukua, anabeba sufuria mpaka ndani, halafu watu wakikaa kula yeye anasimama kando ya mlango na kikombe cha kahawa kavu. "Nimeshakula nyumbani," anasema. Mpishi anaweza kumsamehe mtu aliyemwibia, lakini si anayekataa chakula chake. Lucienne alinuna, akamsema kwa majirani, akamwambia Padri. Na vuli moja, siku ya kumpikia mwalimu mmoja aliyekuwa na saratani, Rosaire hakulimaliza shimo. Alikaa juu ya kifusi, koleo magotini, jasho linamtoka na huku baridi ilikuwa ya kukausha masikio.

"Una nini we?" Lucienne alimwuliza.

"Uzee."

"Uzee gani? Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea, na bado nabeba magunia!"

"Basi lichukue na koleo," alisema Rosaire.

Majira ya baridi yalipokolea, Odile Marquis akaja kunywa kahawa. Odile ni muuguzi wa zahanati yetu, binti mwembamba anayezunguka vijijini na gari lenye minyororo kwenye magurudumu, akiwapima wazee presha kwenye meza zao za jikoni. Alimwambia Lucienne kwamba kule Augusta, makao makuu ya jimbo, kamati ya bunge inapokea maoni juu ya mswada wa insulini. Mswada ulitaka mambo mawili tu: mwenye bima asilipishwe kwa mwezi zaidi ya kiwango kitakachowekwa, na mfamasia aruhusiwe kumpa dawa ya dharura mtu aliyeishiwa. Mtu yeyote wa jimbo anaweza kwenda kusema.

"Nenda, Bi Lucienne," Odile alisema.

"Mimi? Nikawafundishe kuloweka maharagwe?"

"Madaktari wamesema. Wauguzi tumesema mpaka tumekauka. Hawajamsikia mtu anayepika."

"Nitasema nini sasa?"

"Waambie unapikia watu gani na kwa nini."

"Majina ya watu siwatajii ng'o."

"Usiyataje," alisema Odile. "Wewe sema tu. Kusema hukuanza leo."

Lucienne alijifanya hataki, lakini jioni ile ile alikuwa ameshapiga pasi gauni lake la mazishi, maana ndilo lililokuwa la heshima kuliko yote. Gari lake halikufaa kwa safari ya nusu ya jimbo kwenye barafu, kwa hiyo Rosaire akasema atampeleka. Hakusema kwa mapenzi. Alisema, "Ukiendesha wewe watakutoa mtaroni mwezi wa nne theluji ikiyeyuka," na hayo kwa Rosaire yalikuwa mapenzi tosha.

Waliondoka kabla ya mapambazuko. Njia nzima ni misonobari na theluji, na mabango ya kukuonya ujihadhari na paa wakubwa wanaokatiza njia. Lucienne alikuwa anakariri hotuba yake kwa sauti. Rosaire alikuwa anakunywa maji. Alikuwa na dumu zima kati ya miguu, akinywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na kila walipofika kituo cha mafuta alisimama kwenda msalani.

"Una mimba, kaka?" Lucienne alimtania.

"Nyamaza uendelee na maharagwe yako."

Karibu na mji wa Bangor aliipita njia ya kutokea. Rosaire, aliyekuwa akiendesha malori ya viazi barabara hiyo tangu hajaota ndevu, aliipita huku analitazama bango. Alipogeuza gari alikuwa anapepesa macho kama aliyeingiwa na moshi. Lucienne aliacha kukariri.

Wakaingia mgahawa wa madereva kufungua kinywa. Lucienne aliagiza mayai, viazi na mkate. Rosaire aliagiza kahawa kavu. Alipovua koti, dada yake aliona mkanda wake. Ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine, na ncha iliyobaki ilikuwa imezunguka kiuno karibu mpaka mgongoni. Unaweza kuwa na mdogo wako miaka yote, ukamwona kila Jumapili ndani ya koti, na usimwone.

"Rosaire. Unapunguza dawa."

"Punguza sauti."

"Unapunguza dawa?"

Alizungusha kikombe. "Naitandaza," alisema. "Nachoma nusu. Nikila kidogo, nahitaji kidogo. Ni hesabu tu."

"Hesabu hiyo umefundishwa na nani, shetani? Tangu lini?"

"Tangu bima ilipobadilika."

"Na mimi nipo! Mimi nipo hapa, nawapikia mpaka watu nisiowapenda! Kwa nini hukuniambia? Ningepika!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Mhudumu alikuja na birika la kahawa, akazitazama nyuso zao, akarudi nalo.

Rosaire alizungumza akiangalia dirisha. Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo yale machache yalimtoka kwa shida. Alisema kila shimo lile amelichimba yeye, na amemwona kila mmoja aliyechimbiwa. Alimwona Fernand wa kiwanda cha mbao akisimama mlangoni na tai, akiwashika mikono watu wote wa kijiji mmoja mmoja, asante, asante, hadi wale aliokuwa na kesi nao ya mpaka. Fernand alimwambia baadaye kwamba afadhali kupasuliwa tena kuliko kurudia Jumamosi ile. Tangu hapo akinunua hata viatu watu wanamtazama miguu, wakijiuliza kama ni pesa zao. "Mimi sitasimama mlangoni pale," Rosaire alisema. "Picha yangu haitabandikwa kwenye ushirika. Bora nife."

"Utakufa kweli, mjinga wee."

"Basi utapika siku ya mazishi."

Lucienne hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuziogopa Jumamosi zake. Alikuwa akizipenda: kelele za sahani, wazee wakicheza karata, watoto chini ya meza. Aliona kijiji kinapendana. Hakuwa amemtazama hata siku moja yule aliyesimama mlangoni.

Alitoka nje kwenye baridi akampigia Odile simu, akamweleza yote kwa kilio. Odile hakupoteza muda. Alisema Rosaire ale sasa hivi na achome dozi yake kamili leo hii. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu wasimalize hata maili moja, waingie hospitali. Na dawa ya mwisho wa mwezi atamtafutia yeye mwenyewe, kwa njia yoyote, hiyo ni shida yake Odile. Lucienne alirudi ndani akayamwaga yote hayo juu ya meza. Rosaire alitikisa kichwa.

"Sitafutiwi. Nikiimaliza leo, wiki ya mwisho nitachoma nini, shira?"

"Rosaire, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Umeniomba nikulete Augusta. Nimekuleta. Na ukilitaja jina langu mule ndani, utarudi Saint-Aubert kwa miguu."

Hapo ndipo Lucienne alipojua hana nguvu juu yake. Sauti yake yote ile, mikono yake yote ile, na asingeweza kumfungua kinywa mtu mzima akamlisha. Alipoingia kwenye jengo la bunge hakuwa tena anawaza habari za jimbo. Alikuwa na jambo moja tu: mdogo wake anajiua taratibu kwa aibu, na aibu hiyo imepikwa na yeye.

Chumba cha kamati kilikuwa na joto la kusinzia. Wabunge walikaa nyuma ya meza iliyopinda kama kwato, na vikombe vyao vya kahawa, na mmoja wao, mama wa makamo aliyevaa sweta la kijani, alikuwa anafuma soksi. Hivyo ndivyo walivyo wabunge wetu. Ni wakulima, walimu na wenye maduka, wanaokuja Augusta majira ya baridi kisha wanarudi kwao kulima. Mwenyekiti alikuwa Prudence Haskell, mwanamke mrefu wa pwani mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Kila msemaji alipewa dakika chache, na taa ndogo ikigeuka nyekundu, basi.

Aliyemtangulia Lucienne alikuwa bwana wa makampuni ya bima. Lucienne alijiandaa kumchukia, lakini bwana yule alisema kwa upole na kwa maana. Alisema dawa haiwi rahisi kwa kuwa sheria imesema iwe rahisi. Atakayepunguziwa bei dirishani pa duka la dawa, pengo lake litajazwa na wote kwenye bima inayopanda, na kitu cha kuulizwa ni kwa nini bei ni kubwa tangu inakotoka. Lucienne aliona neno hilo lina ukweli, na lilimuudhi sana kuwa na ukweli.

Kisha akaitwa yeye. Alikaa mbele ya kipaza sauti, ambacho hakukihitaji, na hotuba yote aliyoikariri tangu nyumbani ikampotea. Akapiga moyo konde.

"Mimi ni mpishi," alisema. "Natoka juu kule, ambako mkituma barua inafika imeota ndevu." Wachache walicheka. "Kwetu mtu akiugua tunampikia maharagwe, watu wanakuja, wanatoa chochote. Nimewapikia wenye figo, wenye moyo, wenye watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wote wana kazi, waheshimiwa. Wengi wana hata bima. Sipikii wavivu, wavivu hawaugui huku kwetu, hawana muda." Wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Nilidhani tunawaponya. Leo asubuhi nimejua kuna mtu anayejinyima chakula ili insulini yake ifike mwisho wa mwezi. Anachoma nusu. Anatoboa mkanda wake kwa msumari. Ni mtu... ni mtu ninayemjua. Jina lake sitoi. Nimeahidi." Sauti, ile sauti ya uwanjani, ilikuwa imebaki ndogo kama ya kuungama. "Naomba tu mpitishe huu mswada. Naomba haraka."

Taa ilikuwa bado ya kijani. Mbunge mmoja mzee, mwenye sharubu nyeupe, akanyanyua kidole.

"Mama, asante. Nina swali, na sikuulizi kwa ubaya," alisema. "Hata kwetu tunapika hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimeoshea sahani shughuli hizo. Ni jambo jema, jirani kumwinua jirani. Sasa huyo mtu wako, kwa nini asipikiwe? Kwa nini serikali iingie mahali ambapo majirani wapo?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu Lucienne alikuwa nalo mdomoni, la moto. Lakini jibu lile lilikuwa na uso. Angelisema lingekuwa Rosaire mzima mzima, amesimama mlangoni na tai kama Fernand. Akalimeza. Mama wa sweta la kijani alisimamisha sindano zake za kufumia.

"Kwa sababu hataki," sauti ilisema kutoka nyuma kabisa.

Watu waligeuka. Rosaire alikuwa amesimama karibu na makoti yaliyotundikwa, kofia mkononi.

"Bwana, umejiandikisha kusema?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni dereva tu."

Chumba kilicheka, na naapa kicheko kile ndicho kilichomsaidia. Prudence Haskell alivaa miwani yake, akamtazama kuanzia usoni mpaka kwenye mkanda, na mkanda ule ulijieleza. "Dereva aje mbele," alisema.

Rosaire hakukaa. Alisimama kando ya dada yake, mkono kwenye mgongo wa kiti chake.

"Huyo mtu ni mimi," alisema. "Dada yangu hakunitaja, muandike hivyo, maana nilimwambia atarudi kwa miguu. Mheshimiwa pale ameuliza kwa nini nisipikiwe. Mimi ndiye nachimba shimo la hayo maharagwe. Sina ugomvi nayo. Mtu nyumba yake ikiungua, apikiwe. Lakini yangu si nyumba iliyoungua. Yangu ni dawa ya kila siku, mwaka hadi mwaka, mpaka nife. Mtanipikia Jumamosi ngapi?" Alifuta paji la uso kwa kofia. "Nafanya kazi. Natengeneza mashine za watu, nikiwaambia bei wanailipa, tunaagana. Sitaki mchango. Nataka bei. Bei ambayo mtu anayefanya kazi anaiweza, akalipa, akaenda zake bila kumwinamia mtu. Basi."

Yule mwenye sharubu alipouliza tena hakuuliza kama mbunge.

"Leo umechoma?"

"Nimechoma nusu."

"Na nusu nyingine iko wapi?"

"Mfukoni. Ni ya kesho."

Mwenyekiti alivua miwani. Alitazama saa, akatazama msululu wa watu waliokuwa bado hawajasema, akawatazama wenzake upande huu na upande ule.

"Kikao kinasimama kidogo," alisema. "Bwana Bossé, kuna chumba pale mlango wa kushoto. Nenda kachome dozi yako kama alivyoandika daktari. Hatutaendelea mpaka urudi."

"Mheshimiwa, watu wamesafiri..."

"Hata wewe umesafiri. Tunakungoja."

Kumkatalia dada yake Rosaire aliweza, alikuwa na mazoezi ya maisha mazima. Kulikalisha bunge la jimbo zima likimngoja yeye, hilo hakuliweza. Alitoka, masikio mekundu. Mama wa sweta la kijani akaweka chini soksi yake, akachomoa mkate wenye kuku kutoka kwenye mkoba wake, akamfuata. "Na usichome bila kula," alimwambia, "mume wangu alikuwa hivyo hivyo, mkaidi kama nyumbu." Lucienne aliwakuta kwenye korido, mdogo wake amekaa kwenye benchi chini ya picha za magavana wa zamani, anatafuna kwa adabu mkate wa mtu asiyemjua. Alikaa tu karibu naye, mabega yao yakigusana, mpaka alipomaliza.

Walisema wengine mpaka alasiri. Bwana wa bima alipokuwa akitoka alisimama mbele ya Rosaire, akasema bado anaamini tatizo liko juu zaidi, huko bei inakopangwa. "Naamini hata mimi," Rosaire alijibu. "Anzeni hapa, muendelee juu." Wakapeana mikono.

Sasa, Rosaire hakujua kwamba vikao vile vinarushwa hewani. Odile alijua, na alikuwa amewasha matangazo zahanati nzima isikilize, na ushirika nao, na gereji ya Thibault pale kijijini. Waliporudi Saint-Aubert kijiji chote kilikuwa kimeshamsikia. Rosaire alijifungia ndani akingoja kuhurumiwa. Aliyekuja kwanza ni Fernand wa kiwanda cha mbao. Alisimama mlangoni, akasema, "Karibu tena, mheshimiwa dereva," akacheka mpaka akashika mlango, kisha akaacha kucheka na kumkumbatia. Jina hilo lilimganda. Mpaka leo huku anaitwa Mheshimiwa Dereva, na ukimletea mashine anakwambia subiri, bunge limekaa.

Wengine walikuja kwa njia nyingine. Mwalimu mmoja wa hesabu alimfuata Lucienne sokoni, akamwambia kwa kunong'ona kwamba anakata vidonge vyake vya moyo katikati. Baba mmoja mwenye ng'ombe alikuwa anatumia dawa ya pumu ya mtoto wake. Bibi mmoja alikuwa ameacha kabisa. Walikuwa miongoni mwetu wakati wote, wakila maharagwe ya wagonjwa wengine. Lucienne hakumpangia hata mmoja tarehe. Aliwashika mkono mmoja mmoja akawapeleka kwa Odile, mlango wa nyuma, na Odile akawatafutia dawa za sampuli, akawaandikia maombi kwenye viwanda vya dawa, akabadilisha ghali kwa rahisi ilipowezekana. Kwa Rosaire naye alifanya hivyo hivyo. Alipojaribu kukataa, Odile alimwuliza kama angependa ashitakiwe kwa Prudence Haskell. Akaipokea. Lakini aliipokea akiwa amenuna, na kula alikuwa bado anakula kwa wasiwasi, akiacha nusu ya kila kitu, kama mtu anayetarajia kesho atanyang'anywa. Hilo ndilo lililomnyima Lucienne usingizi miezi yote ile. Dawa ya kupewa, Rosaire angeweza kuiacha siku yoyote atakayoamka na kiburi.

Mswada ulipunguzwa huku, ukashonwa kule, ukatupwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kiwango walichokiweka kilikuwa juu kuliko Odile alivyotaka na chini kuliko bwana wa bima alivyopenda. Haukugusa bei za hospitali wala vidonge vya moyo vya mwalimu yule wa hesabu. Hayo yangali yanapiganiwa, na Lucienne bado ana gauni lile. Lakini ulipita, gavana akautia sahihi, na baada ya miezi ya kungoja siku ya kuanza ikafika.

Jumapili iliyofuata Lucienne aliwaalika mezani baada ya misa: Rosaire, Odile, Fernand na mkewe. Alipika pai ya nyama, viazi vipya vyenye siagi, na rundo la zile chapati zetu laini za ngano nyeusi. Rosaire alichelewa kidogo. Aliingia na mfuko wa duka la dawa, akauweka juu ya kabati bila kusema alilipa kiasi gani, na hakuna aliyemwuliza. Akavuta kiti. Lucienne alikuwa amesimama na kijiko kikubwa, akingoja aende chooni kama siku zote, ndipo ampakulie kale kasehemu kake kadogo.

Hakwenda. Alitoa kalamu yake ya insulini pale pale mezani, mbele ya pai na mbele ya watu, akaizungusha mpaka kwenye dozi kamili, akapandisha shati, akajichoma tumboni. Mke wa Fernand aliinamia sahani yake. Fernand aliendelea kupaka siagi. Rosaire akashusha shati, akaweka kalamu kando ya uma kama kitu cha kawaida cha mezani, akamtazama dada yake, aliyekuwa bado amesimama na kijiko.

"Usinikodolee macho, Dada," alisema. "Pakua. Na usinipimie."